Simbilisi si Ng'ombe Mdogo

*Mhadhara kwa wazazi na watoto wanaofuga wanyama wa nyumbani, Iringa. Umechapishwa kama ulivyosemwa, isipokuwa salamu za mwanzo zimeondolewa.*



Naona wengine mmekuja na simbilisi wenu ndani ya maboksi. Hakuna ubaya, ila yasogezeni mbali na jua la dirishani. Mnyama huyu huvumilia baridi ya hapa kwetu kuliko anavyovumilia joto, na boksi lililofungwa hupata moto upesi.

Nianze na jina. Wapo wanaomwita pimbi. Pimbi ni mnyama mwingine kabisa, yule wa kwenye mawe, na ukoo wake uko karibu zaidi na tembo kuliko na panya. Wa kwetu ni simbilisi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama, na Peru wanamla hadi leo. Wahispania walimpeleka Ulaya katika karne ya 16. Wengi wetu wa Nyanda za Juu Kusini tulimkuta jikoni kwa bibi, akizunguka mafiga na kuokota maganda. Kule Kivu, mashariki ya Kongo, familia nyingi bado zinamfuga hivyo, kwa sababu mwenye bunduki akivamia huondoka na ng'ombe na mbuzi, simbilisi anabaki mvunguni.

Sasa huyu wa mvunguni amepanda cheo. Ana jina, ana kizimba cha waya, ana mtoto wa kumlilia. Na ana tumbo linalojaa gesi, ugonjwa ambao bibi zetu hawakuusimulia, maana simbilisi aliyeanza kuvimba aliingia chunguni kabla ugonjwa wake haujapata jina.

Mimi si mtaalamu wa wanyama wadogo. Nimetibu ng'ombe kwa miaka 31. Ng'ombe akivamia mikunde mibichi asubuhi, ubavu wake wa kushoto ukapanda hadi ukapita mgongo, najua la kufanya. Namnywesha mafuta ya kula ili povu livunjike tumboni, na akianza kuyumba natoboa ubavu kwa troka, ile sindano nene ya kutobolea, gesi inatoka na mlio wake, na mwenye ng'ombe ananishika mkono kwa mikono miwili. Kwa hiyo siku mjukuu wangu aliponiletea Tambi, simbilisi wake, amekaa kibiongo pembeni ya kizimba, manyoya yamesimama, tumbo limekaza, mimi niliona ng'ombe aliyepungua uzito hadi gramu 940. Nikachukua bomba la sindano, nikavuta mafuta ya alizeti, nikamsukumia mdomoni.

Aliyapalia. Siku mbili alipumua kwa mkoromo, na usiku ule mjukuu wangu alilala sebuleni pembeni ya boksi. Tambi alipona kwa rehema za Mungu, wala ujuzi wangu haukuhusika. Nimekubali kuja hapa kwa sababu ya aibu ile, maana mwenzangu yeyote wa kazi angeweza kufanya kama nilivyofanya.

Tutazame basi tofauti yenyewe. Ng'ombe huchachusha majani mbele, katika tumbo la kwanza kati ya vyumba vinne. Gesi ikizidi, anabeua. Siku nzima anabeua, mamia ya lita, na asipobeua ndipo anapoumwa. Simbilisi ana tumbo moja dogo, lisilobeba zaidi ya vijiko vichache vya chai, na uchachushaji wake wote uko nyuma, kwenye mfuko mkubwa unaoanzia utumbo mpana. Vitabu vinauita sekamu. Sekamu hii peke yake inaweza kubeba zaidi ya nusu ya kila kilichomo tumboni mwake. Ni pipa la pombe ya kienyeji lenye miguu minne: ndani yake kuna bakteria wanaofanya kazi usiku na mchana, na wakilishwa vibaya pipa linatoa povu. Gesi hiyo haina njia ya kupanda juu. Simbilisi habeui kama ng'ombe, wala hatapiki. Njia ni moja tu, ya nyuma, na njia hiyo hufanya kazi pale tu utumbo unapotembea.

Na utumbo wa simbilisi hutembezwa na nyuzi ndefu za majani. Zikikosekana, unasimama. Ukisimama, kilichomo ndani kinaendelea kuchacha, gesi inajaa, tumbo linauma, na simbilisi anayeumwa hali. Asipokula nyuzi haziingii. Hapo mzunguko umefunga. Ndiyo maana sipendi kuiita gesi ugonjwa. Gesi inakuja mwisho, na aliyeileta ameshapita mbele.

Mtajuaje? Mpakate mnyama wako akiwa mzima, kila siku, ili vidole vyako vijue tumbo lake lilivyo siku njema. Tumbo zima hukubali kidole kama unga wa chapati uliokandwa. Lenye gesi hukaza, na ukiligonga taratibu kwa ncha ya kidole unasikia ngoma. Tazama na punje za kinyesi. Simbilisi mzima hutoa punje nyingi, ndefu kidogo, zinazolingana. Zikipungua, zikiwa ndogo kama punje za mtama, zikishikana kama shanga, au zikilainika, umepata habari kabla tumbo halijavimba. Wapo wanaoshtuka wakimwona anainama na kula kinyesi chake mwenyewe. Hicho ni cha aina nyingine, laini, kimetoka sekamu kikiwa na vitamini na protini, na anakihitaji kama ng'ombe anavyohitaji kucheua. Mkimzuia mtamdhoofisha.

Lakini lipo tumbo moja ambalo halisubiri mhadhara. Limevimba ghafla, gumu kama mpira, mnyama amelegea, anahema, masikio na miguu imepoa. Hapo mara nyingi si sekamu, ni tumbo lenyewe dogo limetanuka, pengine limejizungusha. Usimlishe. Usimsugue. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, iwe usiku iwe Jumapili, na umwambie tangu mlangoni kuwa hajala. Kwa simbilisi, saa 12 bila kula ni dharura hata kama tumbo halijavimba, kwa sababu ini lake huanza kuharibika kwa mafuta ya mwili yanayovunjwa kwa haraka. Ng'ombe atakaa siku bila kula na utamwambia mwenye ng'ombe tuonane kesho. Huyu hapana.

Turudi kwa Tambi, kwa sababu uvimbe wake ulikuwa wa kurudiarudia, na huo ndio unaowachosha wengi wenu. Alivimba mara tatu katika miezi mitano, na kila mara chanzo kilikuwa kingine.

Mara ya kwanza ilikuwa masika. Kijana wa nyumbani alikuwa akikata majani asubuhi, anayashindilia kwenye kiroba, na kiroba kinakaa nyuma ya nyumba hadi jioni. Nilipoingiza mkono ndani ya kile kiroba nilikuta joto. Majani yalikuwa yameanza kuchacha kabla hayajaliwa, na Tambi alikuwa akilishwa pombe ya jana. Watu watakwambia umande ndio mbaya. Mimi sioni kosa kubwa la umande. Kosa ni kurundika. Majani mabichi yatandazwe kivulini, yaliwe siku hiyohiyo, yanayobaki yatupwe.

Mara ya pili kosa lilikuwa la upendo. Wageni walikuja, watoto wakamlisha kabichi, ndizi mbivu, kipande cha mkate na pumba zilizobaki za kuku. Wanga na sukari vikifika kwenye lile pipa, bakteria wa gesi hushangilia. Hata chakula chema kikibadilishwa ghafla huleta shida ileile, maana bakteria wa ndani wanahitaji siku kuzoea. Ukitaka kumwingizia jani jipya, chukua wiki moja hadi mbili, kidogo kidogo. Kabichi, sukuma wiki na jamii yake sizikatazi kabisa, ila kwa mnyama ambaye ameshavimba hata mara moja, mimi ningeziacha.

Mara ya tatu ilinishinda. Majani yalikuwa makavu, safi, kabichi ilipigwa marufuku nyumbani, na bado Tambi alivimba. Alikuwa anakwenda kwenye majani, anayanusa, anachukua unyasi mmoja, anautafuna upande mmoja kisha anauangusha. Kidevu kilikuwa kimelowa mate. Mganga hajigangi, nilimpeleka kwa daktari kijana, msichana ambaye umri wake ni sawa na miaka yangu kazini. Hakuligusa tumbo kwanza. Alifungua mdomo.

Simbilisi ana meno 20, na yote, pamoja na magego, huota maisha yake yote. Husagwa na kitu kimoja tu, nacho ni kutafuna majani magumu kwa saa nyingi. Asipotafuna vya kutosha, magego ya chini huota yakiinamia ndani, juu ya ulimi, hadi yanakaribia kukutana kama daraja, na ulimi unabanwa chini yake. Mnyama ana njaa, anataka kula, hawezi kumeza. Meno ya mbele yanaonekana mazuri kabisa, kwa hiyo mwenyewe anaapa kuwa mdomo hauna neno. Tambi alilazwa kwa dawa ya usingizi, magego yakapunguzwa, na gesi ikaisha bila dawa yoyote ya gesi. Tangu siku hiyo, nikiletewa simbilisi anayevimba mara kwa mara, nauliza kwanza habari za mdomo, kisha maumivu mengine: mawe ya kibofu, ambayo huwapata sana wale wanaolishwa lusini na vyakula vingine vyenye kalisi nyingi, au minyoo na koksidia kwa wadogo. Maumivu popote mwilini yanatosha kusimamisha utumbo.

Nitasema sasa jambo lililo kubwa kuliko yote niliyokuja nayo. Mara ile ya tatu, kabla sijatoka nyumbani kwenda kwa daktari, mkwe wangu alikuwa ameshafika duka la dawa na kurudi na vidonge vya amoksilini. Nia yake ilikuwa njema. Katika nyumba zetu amoksilini ni dawa ya tumbo, ya mafua, ya kidonda na ya wasiwasi. Angemfungulia kidonge kimoja na kumgawia kidogo, na Tambi angekufa.

Penisilini na jamaa zake, amoksilini ikiwamo, zikipita mdomoni mwa simbilisi huua bakteria wema wa sekamu. Nafasi inabaki wazi, wale wa klostridia wanaijaza, wanatoa sumu, na mnyama anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Linkomaisini na klindamaisini ni vilevile. Jambo hili si geni. Tarehe 25 Mei 1940, pale Oxford, Howard Florey na wenzake waliwaambukiza panya wadogo wanane bakteria wa kuua, wakawapa wanne penisilini. Asubuhi yake wanne wasiopewa walikuwa wamekufa, waliopewa wako hai, na dunia ikapata dawa. Mwaka 1943 ikachapishwa kuwa penisilini ileile inaua simbilisi. Huwa nawaza: kama siku ile mezani Oxford wangekuwapo simbilisi badala ya panya, huenda dawa ile ingetupwa kapuni kama sumu. Zipo antibayotiki ambazo simbilisi huzimudu, lakini kuchagua ni kazi ya daktari anayemjua mnyama huyu, na ni haki yako kumuuliza kabla hajavuta sindano: dawa hii ni salama kwa simbilisi? Asiposema ndiyo kwa uhakika, shika boksi lako uondoke.

Mmeniuliza kwenye karatasi juu ya dawa za gesi za watoto wachanga. Ile yenye simethikoni hukusanya mapovu madogo yawe makubwa. Hainyonywi mwilini, na daktari akikuelekeza kipimo haina madhara. Ila haitembezi utumbo wala haisagi meno. Zile nyingine za chupa, zenye sukari na magadi na viungo, ziacheni kwa watoto wachanga. Kilichomsaidia Tambi nyumbani kilikuwa dawa ya maumivu aliyoandikiwa, meloksikamu, kwa kipimo chake, na chakula laini cha kumlisha kwa bomba baada ya daktari kuhakikisha kwa eksirei kwamba tumbo halijaziba. Tulisaga vidonge vya chakula chake tukaloweka kwa maji ya uvuguvugu, tukampa pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya mbele, tone kwa tone, amekaa wima, akimeza kwanza ndipo unaongeza. Kwa mnyama wa kilo moja ni takriban mililita 50 kwa siku nzima, mara tano au sita. Mjukuu wangu aliifanya kazi hii vizuri kuliko mimi. Vidole vya mtu wa ng'ombe ni vizito.

Baada ya hapo ni maisha ya kila siku, na hapa sitawachosha. Majani makavu, sisi wa mifugo tunayaita hei, yawe mbele yake saa 24. Majani ya Rhodes yanayouzwa kwa marobota yanafaa sana. Yanuse, yakinuka ukungu usinunue hata kwa bei ya bure. Majani mabichi na mboga ni nyongeza, vidonge vya dukani ni kijiko tu. Mtoe kizimbani akimbie sakafuni, maana utumbo wa mnyama aliyekaa nao hukaa.

Na vitamini C. Simbilisi hawezi kujitengenezea, kama sisi. Ndivyo dunia ilivyokijua kiseyeye vizuri: mwaka 1907, Axel Holst na Theodor Frølich kule Norway walikuwa wakitafuta ugonjwa wa beriberi, wakawalisha simbilisi nafaka peke yake, wakashangaa kuwaona wameingia kiseyeye. Mnyama mwenye kiseyeye huumwa viungo na fizi, hali, na mnyama asiyekula mnajua sasa kinachofuata. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Gramu 100 za pilipili hoho ya kijani zina takriban miligramu 80, kwa hiyo vipande viwili vitatu vinamtosha. Chakula cha sungura hakitoshi, kwa kuwa sungura hujitengenezea yake na mwenye kiwanda hana sababu ya kumwongezea.

Kabla sijakaa, niwaonye juu ya gesi ambayo si gesi. Mama mmoja aliniletea dume lake lililojaa tumbo wiki nzima, ameshalinywesha dawa mbili. Nilipolishika, kitu kikanipiga teke kutoka ndani. Dume lilizaa watatu siku ya nne, wamevaa manyoya yao, macho wazi, siku hiyohiyo wanatembea. Sokoni kila simbilisi ni dume ukitaka dume. Na jike aliyevuka mwaka na nusu, tumbo likipanuka taratibu pande zote mbili na manyoya ya mbavu yakipukutika, huenda ni uvimbe wa maji kwenye ovari, jambo la kawaida kwao. Huyo naye hatibiwi kwa dawa ya gesi.

Ukiniuliza kifaa kimoja cha kununua kesho, nitakwambia mizani ya jikoni. Tambi anapimwa kila asubuhi kwenye bakuli la plastiki, na daftari limefungwa kwa kamba pembeni ya kizimba. Akishuka gramu 30 tunatazama majani na punje. Akishuka 50 tunapiga simu. Mara mbili mwaka jana daftari lilituambia kabla tumbo halijasema lolote, na mara zote mbili ilikuwa magego. Hatapona moja kwa moja. Kila miezi kadhaa atarudi kwa yule daktari kijana, na tumezoea.

Maswali sasa. Mama uliyekaa nyuma na boksi la viatu, naomba uanze wewe. Tangu tumeingia humu nasikia majani yakitafunwa kwenye maboksi yote isipokuwa lako.